Kunyoosha meno kimyakimya: unanunua plastiki au programu?

 

Leo naweka kando simu mpya na lugha za kuandikia programu, nizungumze juu ya meno. Msifunge ukurasa bado. Ukichungulia ndani ya biashara ya kunyoosha meno bila watu kuona, utakuta skana, mafaili, printa za 3D, hataza, seva na kampuni zilizofilisika. Yaani ni mambo yetu kabisa.

Swali ninaloulizwa na wenzangu huku Kericho na Bomet ni hili: zile plastiki angavu ambazo mtu anavaa na meno yanajipanga bila yeyote kujua, zinatufaa sisi? Wanaouliza si watoto wa shule. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni karani wa Sacco. Wako kwenye umri wa miaka ishirini na kitu au thelathini, wana mshahara kidogo, wana meno yaliyopandana tangu utotoni, na hawataki kusimama mbele ya watu wakiwa na waya za chuma mdomoni. Nawaelewa kabisa.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Ndiyo, zinaweza kukufaa. Lakini usilipe hata shilingi kabla hujajua unalipia nini. Ile plastiki ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Thamani iko kwenye mpango wa kusogeza meno, na kwa daktari atakayekuangalia mpaka siku ya mwisho. Anayekuuzia plastiki bila daktari huyo amekuuzia nusu ya bidhaa, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolinda meno yako.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Mimi si daktari. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na ninaandika programu ili nile. Kwa hiyo nitakaa zaidi upande ninaoujua, na ya kitabibu nitayagusa kwa kiasi kinachohitajika tu.

NJIA ZENYEWE NI ZIPI?

Mtu mzima anayetaka kunyoosha meno bila kutangaza ana njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni waya zenye vibandiko vya seramiki. Ni waya zile zile unazozijua, ila vibandiko vina rangi ya jino badala ya chuma. Mtu akiwa mbali haoni kitu. Akikaa karibu ataona.

Ya pili ni waya zinazofungwa nyuma ya meno, upande wa ulimi. Hizi zilibuniwa miaka ya 1970, na majina yanayotajwa ni Kinya Fujita wa Japani na Craven Kurz wa California. Hazionekani kabisa, lakini ulimi unasumbuka, matamshi yanabadilika kwa muda, na si kila daktari amejifunza kuzifunga.

Ya tatu ndiyo inayoulizwa kila siku: vifuniko vya plastiki angavu, vinavyoitwa alaina. Unapewa seti nyingi zilizopangwa kwa namba. Unavaa ya kwanza wiki moja au mbili, unaiweka kando, unavaa ya pili, na kuendelea. Kila moja ina umbo linalotofautiana kidogo sana na meno yako yalivyo, kiasi cha robo ya milimita hivi, na tofauti hiyo ndiyo inayosukuma.

Kwa nini jino lisogee? Kwa sababu jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao. Limeshikiliwa na nyuzi laini. Ukilisukuma polepole kwa muda mrefu, mfupa wa upande mmoja unaliwa na chembe za mwili, na upande wa nyuma mfupa mpya unajengwa. Kasi yake ni kama milimita moja kwa mwezi. Hakuna programu wala pesa inayoweza kuuharakisha mfupa sana. Shikeni hapo, tutaparudia.

WATU WA KOMPYUTA WALIVYOINGIA MDOMONI

Wazo la kusogeza meno kwa kifuniko ni la zamani. Harold Kesling, daktari wa Marekani, aliliandika mwaka 1945. Shida ilikuwa kazi ya mkono. Ilibidi fundi akate meno ya plasta moja moja, ayasogeze kidogo, atengeneze kifuniko, kisha arudie tena na tena. Hakuna aliyekuwa na muda huo.

Mwaka 1997 wanafunzi wawili wa biashara wa Chuo Kikuu cha Stanford, Zia Chishti na Kelsey Wirth, walianzisha kampuni ya Align Technology, wenye Invisalign. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa meno. Chishti alikuwa amevaa waya akiwa mtu mzima, na akaona kwamba kile kifuniko cha plastiki alichopewa baadaye kushikilia meno kinaweza pia kuyasogeza. Akajiuliza: kwa nini kompyuta isifanye ile kazi ya kukata plasta? Mwaka 1998 wakapata kibali cha serikali ya Marekani cha kuuza.

Angalieni mtiririko wa kazi, maana mtu wa programu atautambua mara moja. Mdomo unapigwa skana, linatoka faili la 3D. Programu inatenganisha kila jino. Fundi anapanga mahali kila jino litakapofika. Programu inagawanya safari hiyo katika hatua 20, 30 au zaidi. Kila hatua inachapishwa kwa printa ya 3D kama umbo la meno, halafu plastiki iliyopashwa moto inabanwa juu ya umbo hilo na kukatwa kingo. Basi. Align imekuwa na mafundi wake wa kupanga meno huko Costa Rica na kiwanda Juárez nchini Meksiko, na mwaka 2022 ikafungua kiwanda kingine Wrocław, Poland. Kwa hiyo meno ya mtu wa Litein yanaweza kuzunguka dunia kama faili kabla hajaona plastiki yoyote.

Halafu mwaka 2017 hataza za kwanza za Align zilianza kuisha muda. Hapo mlango ukafunguka. Kila mwenye skana, printa na programu angeweza kutengeneza alaina. Ndiyo sababu leo unaona matangazo mengi kwenye Instagram na Facebook, mengine kutoka kwa madaktari wazuri, mengine kutoka kwa watu usiojua wako wapi.

VIDEO YA MENO SI AHADI

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kama mtu wa programu.

Ukienda kuulizia alaina utaonyeshwa video fupi. Meno yako, yaliyopandana, yanatelezesha kama abiria wanaopishana kwenye matatu, na mwishoni yamekaa safu safi. Watu wakiona video hiyo wanatoa pesa. Lakini video hiyo inaonyesha kile programu ilichoambiwa ifanye. Haijauliza mfupa wako.

Watafiti wamepima tofauti kati ya video na mdomo. Kravitz na wenzake mwaka 2009 walilinganisha mpango wa Invisalign na mahali meno yalipofika kweli, wakapata wastani wa usahihi wa asilimia 41. Utafiti wa kufuatilia, uliochapishwa mwaka 2020 baada ya plastiki na programu kuboreshwa, ulipata asilimia 50. Kuinamisha jino kidogo ni kazi rahisi kwa plastiki. Kulizungusha jino la mviringo kama chonge, au kulivuta lishuke kutoka kwenye ufizi, ni kazi ngumu.

Je, hii ina maana alaina ni uongo? Hapana. Ina maana mpango wa kwanza ni toleo la kwanza. Daktari mzuri anajua hivyo, kwa hiyo anapanga marekebisho tangu mwanzo. Anabandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika (ndiyo, hivyo vinundu vinaonekana ukikaribia, usidanganywe na neno "isiyoonekana"). Katikati ya safari anapiga skana tena na kuagiza seti nyingine. Kila mwandishi wa programu anajua kwamba mfumo unaofanya kazi kwenye kompyuta yake unaweza kuanguka kwa mteja. Kinachookoa mradi ni mtu anayeangalia baada ya kuuweka. Kwenye meno mtu huyo ni daktari.

KIJANA WA NEW JERSEY NA KAMPUNI YA NASHVILLE

Kuna visa viwili ambavyo kila mpenda teknolojia anayefikiria alaina anapaswa kuvijua.

Cha kwanza ni cha Amos Dudley, mwanafunzi wa usanifu wa kidijitali katika taasisi ya teknolojia ya New Jersey, Marekani. Mwaka 2016 alieleza kwenye mtandao jinsi alivyojitengenezea alaina mwenyewe. Alichukua chapa ya meno yake, akaipiga skana, akagawanya safari kwa hatua 12, akachapisha kwa printa ya chuo na kubana plastiki juu. Gharama ya vifaa ilikuwa chini ya dola 60. Na meno yalisogea!

Vijana wengi walisoma kisa hicho na kusema: mnaona, madaktari wanatuibia. Mimi nilisoma nikaona kingine. Dudley alitumia printa na skana za chuo ambazo hakuzinunua, alikuwa na tatizo dogo la meno ya mbele, na alisoma kwanza kuhusu umbali ambao jino linaruhusiwa kusogea. Dola 60 ni bei ya plastiki. Kisa chake kinathibitisha hoja yangu: plastiki ni rahisi. Ukisukuma jino ambalo ufizi wake unaumwa, unaweza kulilegeza mpaka ulipoteze, na printa haitakwambia.

Cha pili ni SmileDirectClub, kampuni ya Nashville iliyoanzishwa mwaka 2014. Wao walisema: kwa nini mtu aende kwa daktari? Walituma kifurushi cha kuchukua chapa ya meno nyumbani, au unaenda dukani kwao unapigwa skana, daktari aliye mbali anaidhinisha, na alaina zinakuja kwa posta. Bei ilikuwa karibu dola 2,000, chini sana kuliko kwa daktari wa kawaida Marekani. Septemba 2019 wakaingia soko la hisa na kukusanya zaidi ya dola bilioni moja. Chama cha madaktari wa kunyoosha meno cha Marekani kililalamika tangu mwanzo.

Septemba 2023 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Desemba mwaka huo huo ikafunga milango. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu waliambiwa wamwone daktari wao wa meno. Alaina zilizokuwa hazijatumwa zikafutwa. Dhamana ya maisha ikaisha siku hiyo. Na waliokuwa wakilipa kidogo kidogo wakaambiwa wanatarajiwa kuendelea kulipa. Soma tena sentensi hiyo. Oktoba 2024 kampuni ya Dentsply Sirona nayo ikasimamisha mauzo ya Byte, alaina zake za kutumiwa nyumbani.

Sisi watu wa programu tumezoea huduma kufa. Seva inazimwa, unahamia kwingine, unalia kidogo kwa sababu ya picha zako. Lakini mtu mwenye meno yaliyofika hatua ya 9 kati ya 22 anahamia wapi? Meno yake yako njiani, hayajafika, na wala hayawezi kurudishwa kwa kubonyeza kitufe.

Marekani bado kuna sheria na mawakili wa kumsaidia mteja kama huyo. Fikiria mtu wa Sotik aliyetuma bonasi yake yote ya chai kwa M-Pesa kwenda kwa ukurasa wa Instagram usio na ofisi. Nani atamfuata nani?

CHAI

Wasomaji wa mahali pengine watacheka, lakini huku kwetu hili ni swali la kiufundi.

Alaina zinatakiwa kuvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Unazitoa ukila, na ukinywa chochote isipokuwa maji baridi. Chai ya moto inaweza kuipinda plastiki. Rangi ya chai inaibadilisha kuwa njano, na hapo siri yako imekwisha. Mbaya zaidi ni sukari na maziwa: vinabanwa kati ya plastiki na jino, mate hayafiki kusafisha, jino linaoza taratibu huku likinyooka vizuri.

Tufanye hesabu. Saa 24 ukitoa 22 zinabaki 2, yaani dakika 120. Chai ya asubuhi na mkate, dakika 25. Chai ya saa nne, dakika 15. Chakula cha mchana, 30. Chai ya saa kumi, 15. Kimyet na mboga jioni, 30. Jumla ni 115. Hujapiga mswaki bado. Ukipiga mswaki dakika 3 tu kila mara kabla ya kurudisha plastiki, mara tano, unaongeza 15. Umefika 130 na umeshavuka bajeti. Na sijahesabu ile ya mgeni. Wewe mwenyewe unajua: ukiingia boma la mtu huku na kukataa kikombe, utaulizwa kama kuna ugomvi.

Kwa hiyo nasema wazi. Kama huwezi kuisogeza chai yako ikae pamoja na chakula, mara tatu kwa siku na si zaidi, usinunue alaina. Utalipa pesa nyingi, utavaa saa 16, meno hayatafuata mpango, na utailaumu teknolojia. Afadhali waya za seramiki zilizofungwa. Vile vimpira vinavyoshika waya vitapata rangi ya chai, ndiyo, lakini vinabadilishwa ukienda kwa daktari. Waya zilizofungwa zina sifa moja ambayo alaina hazina: huwezi kuziacha kwenye meza.

MWANYA NA MIPANGILIO YA KIWANDANI

Kila programu huja na mipangilio ya kuanzia, na mipangilio hiyo imebeba maoni ya aliyeiandika. Programu za kupanga meno ni hivyo hivyo. Lengo la kawaida ni safu iliyofungwa, bila nafasi mbele.

Sasa jiulize: mwanya nao ni hitilafu? Pwani hadi bara, mwanya kwenye meno ya mbele ya juu umesifiwa kuwa urembo kwa vizazi. Hata uzuri wa mdomo wenyewe haujawahi kuwa kitu kimoja. Zamani Wakipsigis, kama Wanandi na Wamaasai, waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, na aliyebaki nayo ndiye aliyeonekana wa ajabu. Sisemi turudi huko. Nasema kama unaupenda mwanya wako, mwambie daktari kabla ya mpango kutengenezwa, na auandike kwenye maelekezo. Usipousema, fundi wa mbali ataufunga, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba dada huyu anausifiwa nyumbani.

Mengine pia fundi wa mbali hayajui. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, hasa upande wa Nakuru, yana floridi nyingi, na waliokulia huko wana meno yenye madoa ya kahawia. Alaina zinanyoosha, haziondoi madoa. Na kubandika vinundu kwenye jino lililoathirika na floridi kunahitaji mkono wa mtu anayelijua tatizo hilo. Kuna pia wale walioondolewa vichipukizi vya meno wakiwa watoto wachanga kwa imani kwamba vinaleta homa na kuhara, kile ambacho Tanzania wanaita meno ya plastiki. Wengi wao hukua na chonge zilizoharibika au kukosekana. Mtu kama huyo anahitaji eksirei na daktari aliye mbele yake. Kifurushi cha posta hakiwezi kuona kilicho ndani ya ufizi.

UMBALI, NA FAILI LAKO

Nitende haki sasa kwa upande wa pili, maana kuna hoja nzito ya kuzitetea alaina huku kwetu.

Hoja hiyo ni barabara. Daktari wa meno wa kawaida utampata Kericho mjini au Tenwek. Mtaalamu wa kunyoosha meno, wengi wetu tunamfuata Nakuru, Kisumu, Eldoret au Nairobi. Kutoka Kericho mjini, Kisumu ni kama kilomita 80, Nakuru kama 100, Nairobi kama 260. Anayetoka ndani ndani kule Konoin anaongeza za kwake, tena kwenye mvua. Waya za kawaida zinahitaji kukazwa kila baada ya wiki chache, na waya ikichomoka na kuchoma shavu huwezi kusubiri. Alaina hazichomi, na daktari anaweza kukupa seti kadhaa uondoke nazo.

Hapo ndipo naona teknolojia ikitufaa kweli. Zipo programu za simu, kama ile ya kampuni ya Kifaransa DentalMonitoring, ambapo mgonjwa anapiga picha za meno yake nyumbani na daktari wake anaziangalia. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Simu imempunguzia mgonjwa safari, na daktari bado yupo, ana jina, ana mlango unaoweza kuubisha. Ni tofauti kubwa na kumwondoa daktari halafu ukaita hayo maendeleo.

Na faili je? Skana ya mdomo wako ni taarifa ya afya. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu taarifa ya afya kuwa nyeti, na inakupa haki ya kupata data zako katika muundo unaosomeka na mashine. Kwa lugha yetu: una haki ya kudai faili la STL la meno yako. Lidai siku ya skana. Liweke kwenye diski yako na nakala nyingine mahali pengine. Kampuni ikifa au daktari akihama, daktari mwingine ataona ulikoanzia. Mtu wa programu asiye na nakala ya kazi yake tunamcheka. Tusiache meno yetu bila nakala.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA PESA

Yachapisheni, muende nayo.

1. Jina la daktari atakayenisimamia ni nani, na liko kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno? Unaweza kutafuta mwenyewe mtandaoni. Jina la kampuni halitoshi.

2. Nitapigwa eksirei na kuangaliwa fizi kabla ya kuanza? Jibu likiwa hapana, chukua mkoba wako.

3. Kwa tatizo langu mimi, ni meno gani ambayo plastiki haitaweza? Daktari anayesema itaweza yote, kuwa naye makini.

4. Seti za marekebisho zimo kwenye bei, au nitalipa tena?

5. Nikiwa hatua ya katikati na kampuni ikafungwa, nani ataendelea, na malipo yangu yatakuwaje? Pata jibu kwa maandishi.

6. Nitapewa faili langu la skana lini?

7. Baada ya kumaliza, ritena ni bei gani? Ritena ni kifuniko cha kushikilia meno yasirudi, na utaivaa usiku kwa miaka mingi. Watu wanasahau gharama hii, halafu meno yanarudi nyuma kama faili lililorejeshwa toleo la zamani.

8. Je, waya za kawaida zingenifaa zaidi kwa bei hii? Daktari mwaminifu wakati mwingine atakwambia ndiyo.

MSIMAMO WANGU

Kutaka kunyoosha meno bila kutangaza si ubatili. Mtu anayefunika mdomo kwa mkono kila anapocheka anabeba mzigo ambao wengine hawauoni, na kama plastiki angavu itamfanya aanze matibabu aliyoyaahirisha miaka kumi, basi ni teknolojia nzuri.

Ninachokataa ni kuuziwa usiri kwa gharama ya usimamizi. Anayetaka siri ndiye rahisi kumwibia, kwa sababu hatamuuliza mtu yeyote ushauri na akidanganywa hatalalamika hadharani. Wauzaji wa mtandaoni wanalijua hilo vizuri. Kwa hiyo ficha plastiki kwa watu wote ukipenda, lakini usimfiche daktari, na mwambie angalau mtu mmoja wa nyumbani umelipa nani na kiasi gani.

Kama uko mbali na mji mkubwa na umewahi kuvaa alaina au waya za nyuma ya meno, niandikie. Nataka hasa kujua ulifanyaje na chai.

Ni hayo kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo ya kawaida.